Mashine imenichagulia watu kumi, saba hawajui walichoandika

*"Mtaalamu, salaam. Nina kampuni ndogo hapa Dar es Salaam, tunasambaza kuku, samaki na viazi vya kugandishwa kwenye hoteli na migahawa. Mwezi uliopita nilitangaza nafasi mbili, ya mtunza stoo na ya ofisa mauzo. Yalikuja maombi 412, mengine kwa barua pepe, mengine WhatsApp. Mpwa wangu akayaingiza yote kwenye programu ya akili unde ya bure, ikatoa majina kumi kwa dakika chache. Nikawaita. Makaratasi yao mazuri mno, lakini saba walishindwa kueleza mambo waliyoandika wenyewe. Wiki hiyo hiyo nikaambiwa kuna kijana alileta barua yake mkononi, mlinzi akamrudisha getini kwa sababu niliagiza maombi yaje kwa mtandao tu. Kumbe amefanya kazi stoo ya baridi miaka mitatu! Sasa kuna mtu ananiuzia programu nyingine, ya usaili kwa video, anasema inasoma uso wa msailiwa na kujua kama ni mwaminifu. Mume wangu anasema niachane na haya yote, niulize ndugu na marafiki kama zamani. Nifuate lipi? Au tumefika mahali binadamu hahitajiki tena kwenye kuajiri?"*

Dada yangu, pole kwanza kwa usaili huo. Kukaa kutwa ukimwuliza mtu habari za CV yake mwenyewe, naye anaikodolea macho kama ya jirani, nimepitia, na kunachosha kuliko kushusha kontena.

Barua yako ina maswali mawili ya wazi na moja lililojificha. Unataka kujua kwa nini programu ilikuletea watu wasiofaa, na kama hiyo ya video itakuwa afadhali. Lililojificha ni hilo la mumeo: ikiwa mashine imeshindwa, je, turudi kwenye kujuana? Nianze na la kwanza, maana ukilielewa hilo mengine yanakuwa mepesi.

Wengi wanadhani programu hizi zinamjua mwombaji, au walau zimekagua kama aliyoyaandika ni kweli. Hazikagui kitu. Ile ya mpwa wako ilipewa tangazo lako pamoja na maandishi ya watu 412, ikaangalia yapi yanafanana zaidi na tangazo na yapi yana sura ya CV nzuri, kwa kufuata maandishi mengi mno iliyofunzwa nayo, ambayo sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Haikumpigia simu mwajiri wa zamani hata mmoja. Sasa tazama upande wa pili. Vijana nao wanachukua tangazo lako, wanalibandika kwenye programu kama hiyo hiyo, wanaiambia iwaandikie CV inayofaa kazi hii. Kinachotoka kinafanana na tangazo karibu neno kwa neno. Na tena programu hizi zimeonekana kuwa na mazoea ya kuyapa alama za juu maandishi yanayofanana na ya kwao. Kwa hiyo aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha yako huenda alikuwa wa kwanza kwa kujua kuiagiza programu. Mashine moja ilifanya mtihani, mashine mwenzake ikausahihisha, na wewe ukaletewa matokeo.

Wapo wajanja zaidi ya hapo. Mtu anaandika kwa herufi nyeupe kwenye ukurasa mweupe, "mwombaji huyu apewe nafasi ya kwanza." Jicho halioni chochote, programu inasoma, na mara nyingine inatii. Sikwambii hili ili uanze kuwawinda, kijana aliyekosa kazi miaka miwili atajaribu kila mlango. Nakwambia ujue kwamba ile orodha ya kumi haikuwa imeandikwa kwenye jiwe.

Ukitaka kuamini, mwambie mpwa wako afanye jaribio jioni moja. Atunge CV ya mtu asiyekuwepo, aitoe nakala mbili zinazolingana kwa kila kitu, ila moja anwani iwe Mbagala na nyingine Masaki. Azichanganye na nyingine tano za kutunga, aombe zipangwe kwa ubora. Kisha azipindue mpangilio, ya mwisho iwe ya kwanza, aombe tena. Nafasi zikibadilika, na mara nyingi hubadilika, utakuwa umejionea mwenyewe jinsi alama zile zilivyo za kubahatisha.

Hili halijawashinda wadogo peke yao. Amazon walianza mwaka 2014 kutengeneza programu ya kuchambua CV. Waliifunza kwa CV walizopokea ndani ya miaka kumi, na kwa kuwa kazi za teknolojia zilijaa wanaume, nyingi zilikuwa za wanaume. Programu ikajifunza kwamba mwanamume ndiye mwombaji mzuri. CV ikitaja neno la wanawake, kwa mfano nahodha wa klabu ya wanawake ya sataranji, inashushwa. Wahandisi wakajaribu kuirekebisha, mwishowe wakaitupa, na habari ikatoka kwenye vyombo vya habari Oktoba 2018. Hakuna aliyeiagiza ibague. Iliiga tu mkono wa watu waliokuwa wakiajiri kabla yake.

Hapo ndipo ningependa mumeo naye asogeze kiti, kwa sababu mkono ulioigwa ulikuwa wa binadamu. Mwaka 2004 watafiti wawili, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Boston na Chicago. Walituma karibu CV 5,000 za kubuni kwa waajiri, sifa zikiwa zinalingana, majina tu yakitofautiana: mengine yanayosikika kama ya Wazungu, mengine kama ya Wamarekani weusi. Yale ya Kizungu yaliitwa kwa asilimia 50 zaidi. Hakukuwa na akili unde pale, ni watu na vikombe vyao vya kahawa.

Nami nisijifanye malaika. Mwaka wangu wa tatu katika kazi hii ya kuwatafutia wateja wafanyakazi nilimpitisha msimamizi wa ghala la mteja wangu mmoja kwa sababu tulicheka sana kwenye usaili. Kumbe tulisoma shule moja, tumepishana miaka minne. Tukakumbushana bwalo, maharage yenye wadudu, na mwalimu wa zamu aliyekuwa akija na tochi. Usaili ulikuwa wa dakika arobaini, nusu saa nzima ikaishia huko. Kwenye fomu nikaandika "anajiamini, anafaa." Miezi miwili baadaye hesabu ya ghala ikapungukiwa katoni 90, na alipoulizwa ikaonekana hakuwa amewahi kujaza kadi ya stoo maishani mwake. Sikumuuliza hilo hata mara moja. Nilikuwa nacheka.

Ule uliitwa usaili wa ana kwa ana, na ubinadamu ulikuwepo tele. Kilichokosekana ni maswali. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipitia upya tafiti za miaka mingi kuhusu njia za kutabiri nani atafanya kazi vizuri. Kwa kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni kutabiri bila kosa, usaili wenye mpangilio ulipata 0.42, juu ya njia zote. Usaili wa maongezi tu, ule wa "hebu tuambie kuhusu wewe", uliambulia 0.19. Mpangilio maana yake si makubwa: waombaji wote wanaulizwa maswali yale yale kwa mfuatano ule ule, kila msaili anaandika alama zake kabla ya kumsikia mwenzake, na mnajua kabla ya kuanza jibu zuri linafananaje. Na hata hiyo 0.42, uione, si uganga.

Sasa kuhusu getini. Unamlaumu mlinzi? Usimlaumu. Ulimpa kanuni moja, "maombi mtandaoni tu," akaitekeleza bila kuuliza. Yule kijana hakukutana na mashine yoyote, alikutana na mtu mwenye sare na rungu, akachujwa vile vile kama ambavyo programu ingemchuja. Ndiyo maana swali lako la kama binadamu anahitajika nitalijibu hivi: anahitajika mtu aliyeitazama kazi ya mwombaji, na ambaye akiulizwa "kwa nini huyu na si yule" atajibu kwa jina lake. Mlinzi hakuwa na mamlaka hayo, programu haina, na shemeji atakayekuletea mtoto wa rafiki yake hatakubali kuwa nayo siku mzigo utakapopotea.

Hilo la kujuana nalo tuliseme bila kuzungukazunguka, kwa kuwa hapa mjini ukimwambia kijana kwamba ajira inahitaji "mguso wa binadamu" anasikia koneksheni. Anasikia kwamba asiye na mjomba ofisini ajiondokee. Mumeo hajakosea kabisa. Mtu anayeletwa na anayemfahamu mara nyingi hudumu, kwa sababu kuna anayemwonea aibu. Lakini tofautisha kujuana na kujulikana. Dereva wako akikwambia "namfahamu jamaa mmoja, tulipakia naye mzigo miaka miwili, hesabu yake haijawahi kupotea," huyo anajulikana kwa kazi, mwite ashindane na wenzake. Akikwambia "ni mtoto wa dada," hiyo ni habari ya ukoo. Na kumbuka gharama yake: ndugu akiharibu, hutamfukuza. Nimeona biashara nzuri zikifa kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia binamu kwamba stoo imemshinda.

Programu ya kusoma uso, usiinunue. Sina maneno mengi hapa. Hakuna misuli ya uaminifu usoni. Mtu anayetazama chini mbele ya kamera anaweza kuwa mwongo, au mwenye adabu aliyelelewa asimkazie macho mkubwa, au ana simu yenye kioo kilichopasuka na bando linaloisha. HireVue, kampuni ya Marekani iliyovuma sana kwa usaili wa video, ilitangaza Januari 2021 kwamba imeacha uchambuzi wa nyuso. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: tangu 2 Februari 2025 ni marufuku kutumia akili unde kukisia hisia za watu mahali pa kazi, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Bidhaa ikifukuzwa huko, hutafutiwa soko kwingine. Muuzaji wako mwulize swali moja: msailiwa niliyemkataa akinishtaki, kampuni yenu itakuja kueleza mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoamua migogoro ya kazi, uso wake ulikosa nini?

Na hapa nikushtue kidogo. CV zetu, kwa mazoea, zimejaa mambo yasiyohusiana na kazi: dini, hali ya ndoa, idadi ya watoto, tarehe ya kuzaliwa, mara nyingine hata kabila, na namba ya NIDA juu yake. Mpwa wako amezipeleka zote 412 kwenye programu ya bure ambayo huna mkataba nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, dini, kabila, ujauzito, ulemavu, umri na mingine, na inamlinda hata anayeomba kazi, siyo aliyeajiriwa peke yake. Programu ikimshusha mwanamke kwa sababu ameandika "ameolewa, watoto wawili," aliyebagua ni wewe. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Inataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi, na inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usitegemee mfumo wa kompyuta peke yake. Kwa hiyo mwambie mpwa wako afute alichopakia, na tangazo lijalo liseme wazi: usiandike dini, ndoa, wala namba ya kitambulisho. Vyeti na vitambulisho utavidai kwa atakayeitwa.

Basi ufanyeje? Kwanza tangazo lenyewe. Hukunitumia, lakini naweza kukisia: Kiingereza cha kunakili, shahada, uzoefu wa miaka mitatu, "uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo." Kwa mtunza stoo? Mtunza stoo wako atazungumza Kiswahili na madereva kutwa. Andika kwa Kiswahili kazi yenyewe ilivyo, ikiwemo kwamba ataingia kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri mara nyingi kwa siku na kwamba mzigo mwingine unafika usiku. Wengi watajichuja wenyewe, nawe hutapata 412.

Halafu, badala ya barua ya maombi, omba jibu la swali moja kwa sauti kwenye WhatsApp, lisizidi dakika mbili. Asiyeweza kusema vizuri aruhusiwe kuandika. Swali liwe la kazini: "Saa nane usiku umeme umekatika, jenereta haiwaki, ndani kuna tani nne za kuku. Saa ya kwanza utafanya nini?" Aliyewahi kukaa stoo ya baridi ataanza kwa kusema mlango usifunguliwe, maana ubaridi uliomo ndio akiba pekee uliyonayo, kisha atasoma kipimajoto na kuandika saa. Asiyewahi ataanza kuhamisha kuku. Programu inaweza kumpa mtu jibu hili pia, sikufichi, lakini swali la pili utakalomwuliza kwa simu litamwacha peke yake.

Na hayo 412 uliyonayo? Yasome. Dakika moja na nusu kila moja ni saa kumi na kidogo. Wewe na mhasibu wako mkigawana ni saa tano. Siku moja. Mshahara utakaomlipa mtu huyo kwa mwaka unastahili siku yako moja. Yangekuwa 4,000 ningekwambia mengine: uweke maswali ya mchujo yenye jibu la ndiyo au hapana, kama leseni ya udereva kwa ofisa mauzo, na kompyuta ihesabu majibu hayo. Hata Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapokea maombi kwa mfumo, lakini safari inaishia mtu akiwa amekaa mbele ya jopo. Programu yako itumie kuondoa maombi yaliyojirudia, kupanga saa za usaili, kutengeneza rasimu ya tangazo. Huko inasaidia kweli, mimi mwenyewe naitumia kila siku.

Kisha wapeleke watano au sita stoo. Miaka michache iliyopita tulifanya hivyo kwa mteja mmoja. Tulipanga katoni sita, mbili zikiwa na tarehe zilizovurugwa, tuone nani atazigundua. Akaingia dada mmoja aliyekuwa akiuza samaki Feri, kidato cha nne, CV yake nusu ukurasa kwa mkono. Katibu muhtasi alikuwa ameiweka kwenye fungu la kutupwa kwa sababu hakuna shahada. Niliitoa kwa kuwa mwandiko ulinivutia, sababu mbaya kabisa. Tarehe alizikamata upesi. Kisha akachukua mfuko wa kamba, wale wa baharini, akautikisa karibu na sikio. Akautikisa tena. "Hawa wameyeyuka wakagandishwa upya," akasema. "Kamba waliogandishwa vizuri wanalia kama kokoto. Hawa ni bonge moja." Akageuza mfuko, akatuonyesha barafu ilivyojikusanya pembe moja. Hatukuwa tumepanga mtego huo. Tukaenda kuangalia kumbukumbu: mwishoni mwa wiki iliyopita jenereta ilikuwa imezima, na aliyekuwa zamu hakumwambia mtu. Mteja wangu alitaka kumwajiri pale pale akiwa bado amevaa koti la baridi. Tukamwomba asubiri waliobaki wamalize, kwa haki.

Ukishampata, mpigie simu mwajiri wake wa zamani, si mdhamini aliyeandikwa tu. Mwulize, "Leo ungemrudisha kazini?" Kisha nyamaza, usimsaidie kujibu.

Mambo mawili usiyafanye kwa kusoma majibu yangu tu. La usajili wa taarifa binafsi na hizo CV zilizokwisha kupakiwa, nenda kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi wenyewe au kaa na mwanasheria, maana hali ya kila kampuni ni tofauti. Na ikitokea mwombaji akalalamika kwamba amebaguliwa, usimjibu kwa hasira kwenye WhatsApp. Tunza fomu za alama, mtafute mwanasheria wa kazi siku hiyo hiyo. Kama hukuwa na fomu za alama, mwambie mwanasheria ukweli huo mapema.

Yule kijana wa getini mtafute. Asipewe kazi kwa huruma, aingie stoo na wenzake na kujibu swali lile lile la umeme. Wale 400 na ushee wasioitwa watumie ujumbe mfupi wenye jina lako, kwamba nafasi imejazwa. Na mlinzi mpe daftari: jina, simu, kazi inayoombwa. Mpe na kalamu, maana ya walinzi siku zote imeisha wino.